Karibu Mgeni

Kaetano Menezesi alitoka Goa, India, akiwa kijana, akafungua karakana ya kudarizi mjini Babati. Ursula, mjane kutoka Nangara aliyefundishwa kazi naye, ndiye aliyekuwa fundi wake mkuu. Mashine zao zilitoa mavazi ya mapadri, na vitambaa vya makochi vyenye maneno "Karibu Mgeni", ambavyo ilikuwa vigumu kuvikosa katika sebule yoyote mjini.

Kisha nyuzi zikaadimika. Mwaka 1983, msako wa walanguzi ulipofika, karakana ikapekuliwa hadi darini. Hakikupatikana kitu, lakini majirani waliojazana dirishani walikuwa wameshahukumu: "Huyu mgeni anatuficha nguo." Mzee Kaetano alisikia. Tangu siku ile hakugusa mashine tena, na masika yaliyofuata akafa.

Jeneza la Mkatoliki hufunikwa kitambaa cheupe chenye msalaba. Madukani hakukuwa na kitambaa wala uzi. Ursula akashusha kitambaa kikubwa cheupe cha "Karibu Mgeni" kilichoning'inia mlangoni mwa karakana, akaketi, akalifumua neno la pili herufi moja moja. Kwa uzi huohuo mwekundu akadarizi msalaba.

"Mbona unaharibu maneno ya marehemu, Mama Elieshi?" akauliza jirani mmoja, wa walewale wa dirishani.

Ursula hakuinua macho. "Mke wake amelala makaburini hapo. Mgeni gani anazika kwetu?"

Jeneza likashushwa kando ya mkewe, juu yake msalaba na neno moja lililobaki: Karibu.