Manukato ya Bwana Yangu Kwa Muganga

Leo bwana yangu ameingia kituo cha afya kama kamanda, akatoka kama kuku aliyenyeshewa.

Sikieni, jamani.

Mimi nina mimba. Juzi alisikia redioni kwamba dawa za kulainisha plastiki, ambazo hutiwa hata kwenye vipodozi, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa wa kiume.

Basi! Losheni yangu akatupa. Rangi ya kucha akatupa. Hata bakuli la plastiki ninalotilia samaki wa mukeke akiwa wa moto likaenda jalalani.

"Ninalinda mutoto wangu!"

Wake peke yake. Mimi ni gunia tu.

Leo akanisindikiza kituoni hapa Rumonge ili muganga anigombeze mbele yake. Muganga ni mama mtu mzima. Tulipoingia tu, akapiga chafya mara mbili.

"Hayo manukato makali ni ya nani?"

"Ni yangu," akajibu, kifua mbele. "Lakini mimi sina mimba."

"Bibi yako anayavuta usiku kucha. Na wewe pia ujihadhari, baba. Manukato mengi yana dawa za kulainisha plastiki, nazo zinaweza kupunguza nguvu ya mbegu za mwanaume."



Kamanda wangu akaanza kutazama viatu vyake.

Tukarudi mpaka sokoni. Pale akaninong'oneza: "Hiyo nguvu... huwa inarudi?"

Sasa hivi yuko nje ya nyumba, anafua manukato kwenye mashati yake yote kwa mikono yake mwenyewe.

Wamama, nimuonee huruma, au nimuongezee na mashuka?