Siku Tuliyoshuka Kilima Wote

Nilipohamishiwa zahanati ile ya kilimani, wilayani Mbulu, nilipokelewa na mwenyekiti wa kijiji mwenyewe. Alinisaidia kufungua kamba za godoro langu kwenye pikipiki, akanionyesha tangi la maji na chumba cha sindano, kisha akaniuliza kama nina swali.

"Ninalo," nikasema. "Moto ukitokea hapa, watu wanashukia wapi?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Nesi, hapa shida yetu ni baridi. Moto ndio tunautafuta."

Baridi ilikuwepo kweli. Mimi ni mtu wa Tunduru, na wiki za mwanzo nililala na sweta mbili na soksi. Lakini swali langu halikuwa la utani. Kila nilipotoka mlangoni macho yangu yalikwenda kwenye mteremko. Zahanati ilikaa begani mwa kilima, nyumba zimeizunguka, kanisa liko juu kidogo. Barabara ilikuwa moja tu, nyembamba, inashuka kwa kona kona katikati ya mikaratusi mpaka barabara kuu. Upande wa magharibi kulikuwa na njia ya ng'ombe. Kwato za miaka mingi zilikuwa zimeikanyaga hadi ikabaki udongo mtupu, pana kama uwanja, ikiteremka mpaka kwenye mashamba ya mahindi na maharage yanayotazama kijiji cha Maretadu. Nilipoiona njia ile mara ya kwanza, moyo wangu ulitulia.

Nina sababu. Nilipokuwa darasa la nne, moto wa nyasi uliingia kijijini kwetu. Mama yangu mdogo alifanya kosa ambalo mtu yeyote angelifanya: alikimbilia mlimani, akidhani juu ndiko salama. Moto hupanda mlima haraka kuliko mtu. Ulimkuta njiani. Alipona, lakini miguu yake iliungua, na kwa miezi mingi mimi ndiye niliyekuwa nikishika beseni la maji ya chumvi wakati bibi anamsafisha vidonda. Watu wakiniuliza kwa nini nilisomea uuguzi, huwa nasema napenda kusaidia wagonjwa. Ukweli ni lile beseni.

Mwaka wangu wa tatu pale, kijiji kiliamua kupima viwanja vipya. Kila mtu alifurahi, mimi nikiwemo. Vijana walikuwa wameoa na hawana pa kujenga, walimu walikuwa wanapanga vyumba kwenye nyumba za watu. Mpima akaja na mashine yake ya miguu mitatu, akasimika mawe ya mipaka na kuyapaka rangi nyekundu. Jumamosi moja, baada ya kufunga zahanati, nilitembea kufuata mawe yale jiwe kwa jiwe. Nikafika kwenye njia ya ng'ombe, nikasimama. Viwanja vinne vilikuwa vimeikata katikati. Kwa mpango ule ng'ombe wangeshukia barabarani, na watu pia. Wote, kwenye barabara ile moja ya mikaratusi.

Kwenye mkutano wa kijiji nilinyoosha mkono. Nilisema nilivyoweza. Nilieleza kuhusu upepo wa kiangazi, nyasi zilizokauka, na mafuta yaliyo kwenye majani ya mikaratusi. Niliona watu wananisikiliza kwa adabu kama wanavyomsikiliza mgeni.

Ndipo akasimama mama mmoja mjane, mkulima wa maharage. Nilimfahamu vizuri. Alikuwa akiniletea maziwa mgando kila Alhamisi. Kiwanja chake kilikuwa kimoja kati ya vile vinne, na ndicho pekee kilichokuwa tayari kimechimbwa msingi.

"Nesi ana nyumba ya serikali," alisema. "Mimi tangu mume wangu afariki naishi kwa shemeji yangu. Nikipika, napika kwenye jiko la mtu. Leo nimepata pangu. Sasa nesi anataka nimwachie nani? Ng'ombe?"

Watu walipiga makofi. Niliketi, masikio yanawaka moto. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Hakuna neno alilolisema ambalo mimi mwenyewe nisingelisema kama ningekuwa yeye.

Alhamisi iliyofuata maziwa hayakuja.

Nilikaa wiki mbili nikijiambia niachane nayo. Mimi ni mtumishi wa kuhamishwa, kesho naweza kupelekwa Basotu au kwingine, na hawa watabaki hapa. Lakini kila mama mjamzito aliyepanda kile kilima akihema, nilimwona akishuka kwa kukimbia. Mwisho nilikwenda kwa shemeji wa yule mama mjane. Nilimkuta mama mwenyewe uani anapura maharage kwa fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho.

Nilichukua fimbo ya pili, nikaanza kupura naye. Tulipiga muda mrefu, mpaka mikono yangu ya kushika sindano ikaanza kuota malengelenge. Ndipo nikamweleza habari za mama mdogo. Sikuwahi kumweleza mtu yeyote pale kilimani. Nilimweleza mpaka harufu.

"Mimi sijaona moto wa namna hiyo hapa," alisema nilipomaliza.

"Hata sisi tulikuwa hatujauona."

Aliacha kupiga. "Unataka nini hasa?"

"Nataka tujaribu siku moja tu. Tushuke wote kwa barabara, kama vile moto umekuja. Tukishuka vizuri, nitanyamaza, na msingi wako nitakusaidia kubeba mawe."

Alipepeta maharage kidogo, akayatazama. "Mwambie mwenyekiti iwe Jumapili, misa ikiisha. Siku nyingine hutawapata."

Mwenyekiti alikubali, nadhani ili anitue kichwani mwake. "Ila tukishuka salama, nesi, habari hii sitaki kuisikia tena."

"Nimekubali."

Mimi si mtu wa misa, lakini Jumapili ile nilisimama nje ya kanisa na hijabu yangu, simu mkononi ya kupimia muda, nikisubiri wimbo wa mwisho. Kengele ikalia kwa fujo kama tulivyopanga. Watu walitoka wakicheka. Wengine walikwenda kwanza nyumbani kufungua mbuzi, wengine wakapakia punda madumu, binti mmoja aliyejifanya mgonjwa alilazwa kwenye machela na kubebwa na wanaume wanne huku akiwachekea. Mwenyekiti alimpakiza mama yake mzazi kwenye bodaboda, bibi aliyejifunga shuka mbili na ambaye miguu yake haikuwa na nguvu tena. Ilikuwa kama sherehe.

Mpaka kona ya pili.

Pale tulikutana na lori la mawe ya ujenzi likipanda. Sikulipanga mimi. Mwenye lori alikuwa anapeleka mawe kwenye viwanja vipya, siku yake ya nafasi ni Jumapili. Barabara ile haikuwa na pa kupishana. Lori halikuweza kurudi nyuma kwa sababu ya mteremko, na sisi hatukuweza kurudi kwa sababu ya walio nyuma yetu. Punda walianza kurusha mateke. Mbuzi wakapenya chini ya machela, na binti yule akaacha kucheka, akashuka mwenyewe. Watoto wakaanza kulia kwa vumbi. Nyuma bado watu walikuwa wanashuka wakiimba, hawajui kwamba mbele kumeziba, wakatusukuma.

Mama yake mwenyekiti alikuwa kwenye bodaboda, amebanwa kati ya lori na ukuta wa udongo. Aliita, na sauti yake ilikuwa kali kuliko umri wake.

"Mwanangu! Na kama huu ungekuwa moto kweli?"

Mwenyekiti alikuwa ameshika mkono wa mama yake, anatazama juu walikotoka watu, halafu chini walikokuwa hawawezi kufika. Nilizima saa ya simu yangu. Sikuwa na haja ya kupima muda tena.

Jioni hiyo mpima alituambia kuwa mistari inaweza kubadilishwa, makaratasi yalikuwa hayajapelekwa halmashauri. Ila ni lazima wenye vile viwanja vinne wakubali. Watatu walikubali pale pale, viwanja vyao vilikuwa bado nyasi tupu. Mama yule mjane alikuwa ameshaondoka. Hakuna aliyetaka kumfuata kumwomba, hata mimi. Mimi hasa.

Asubuhi nilipokwenda kufungua zahanati nilisikia mlio wa jembe upande wa magharibi. Nilikwenda. Alikuwa peke yake kwenye msingi wake, anarudisha udongo. Alikuwa ameanza mapema, maana upande mmoja ulikuwa umeshajaa.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikimtazama.

"Marahaba. Usinitazame hivyo, nesi. Msingi naweza kuuchimba tena mahali pengine." Akapiga jembe. "Jana nilikuwa nyuma kabisa. Nilikuwa kati ya wale waliokuwa wanasukuma."

Niliweka mkoba wangu chini, nikaanza kusukuma udongo kwa mikono. Hatukumaliza hata mtaro mmoja kabla majirani hawajaanza kuja, kila mmoja na jembe au sepeto lake. Mwenyekiti alikuja na koti lake la mikutano, akalivua, akaliweka pembeni, akang'oa jiwe jekundu la mpaka. Wiki ile ile mama yule alipewa kuchagua kiwanja mbele ya watu wote, na akachagua cha kona karibu na kanisa. Wanaume walimchimbia msingi kwa siku mbili. Nilibeba mawe yake, ingawa ahadi yangu ilikuwa ya tukishuka vizuri, na Alhamisi maziwa yakarudi.

Halafu tukafanya kazi. Tulikwangua nyasi pande zote za njia ya ng'ombe. Tuligawana nyumba ambazo zina wazee na wagonjwa, kila nyumba na wabebaji wake. Mama yule ndiye aliyeshika orodha ya kaya, kwa sababu alijua kila mtu na hakumwogopa yeyote.

Moto ulikuja kiangazi kilichofuata, mchana, siku ya kliniki ya watoto. Nilikuwa nimemning'iniza mtoto kwenye mizani nilipoona moshi kwenye mikaratusi chini. Ulikuwa mweupe, kisha ukawa wa njano, kisha mweusi. Mtu alikuwa anasafisha shamba na upepo ukamnyang'anya. Kengele ya kanisa ikaanza kulia kwa fujo ile ile.

Sikumbuki kama niliogopa. Nakumbuka nilimkabidhi mama mtoto wake na kusema, "Magharibi, mama zangu, kwa njia ya ng'ombe, msikimbie." Nakumbuka wanne walioingia bila kuitwa na kumwinua mgonjwa wangu wa dripu, na mmoja akashika chupa juu bila kufundishwa. Mdomoni mwa njia alisimama mama yule na orodha yake, kanga kiunoni.

"Mbuzi kushoto! Watu kulia! Wewe, acha hilo kabati! Bibi yako yuko wapi? Haya, pita!"

Nyuma yetu mikaratusi ilikuwa inalipuka kama mabati yanayopigwa mawe. Nilipogeuka, barabara haikuonekana tena. Mahali ambapo lori lilikuwa limesimama Jumapili ile palikuwa na ukuta wa moto.

Tulifika kwenye mashamba yaliyolimwa, udongo mtupu, na mama yule akaanza kusoma kaya moja baada ya nyingine. "Wapo." "Wapo." "Wote wapo." Alisoma mpaka mwisho, akarudi kwenye jina moja lililokuwa halijajibu. Lilikuwa la mwenyekiti.

Mama yake alikuwa pale, amewekwa juu ya shuka. Alitazama moshi. Sote tukageukia huko.

Kisha akatokea. Alitoka kwenye moshi akitembea, si kukimbia, mweusi kuanzia kichwani mpaka viatuni, kondoo shingoni na ndama wawili mbele yake. Alikuwa amepita nyumba zote kuhakikisha hakuna aliyebaki.

"Mmemaliza kuhesabu?" akauliza.

"Umebaki wewe!" mama yule akamfokea, akipunga orodha yake. Vigelegele vilipanda kutoka shamba zima. Mimi nilikaa chini kwenye matuta na kulia kwa furaha kama sijawahi kulia. Mama mzazi wa mwenyekiti akamwita, akampangusa uso kwa ncha ya shuka mbele ya watu wote, naye akakubali kupanguswa kama mtoto.

Moto ulifika kwenye njia ya ng'ombe, ukakosa cha kula, ukafa. Ulichukua mikaratusi, majiko ya nje machache na uzio wa shule. Zahanati ilibaki imesimama, ukuta mmoja umeingia masizi. Sikufunga bandeji hata moja siku ile, isipokuwa ya kidole cha mtu aliyejikwaa.

Miezi michache baadaye walikuja wageni kutoka Dirma, wilayani Hanang. Nao walikuwa wanapima viwanja mlimani, na walikuwa wamesikia habari zetu. Mwenyekiti alisimama mbele yao na koti lake, akaeleza kwa kirefu jinsi kijiji chake kilivyoona mbali tangu mwanzo, na kwamba yeye binafsi hakuwahi kuwa na shaka. Mama yule alinifinya paja. Nilipiga makofi kuliko wote, na nilimaanisha.

Alipomaliza, mama mmoja wa Dirma alinyoosha mkono. "Na mtu asiyeweza kutembea mnambebaje?"

"Njoo ulale hapa," nikamwambia, nikifungua machela. "Tunakubeba sasa hivi."

Akalala huku anacheka, na wenzake wanne wakamwinua.