Redempta wa Pito Jazi na Besi Iliyohama

Redempta alizaliwa kijijini Pito, binti wa katekista, na gitaa alijifunzia kwenye kwaya. Baadaye aliimba katika bendi ya chama cha ushirika mjini Sumbawanga. Ushirika ulipodhoofika, vyombo vilibaki stoo. Wanaume wa bendi waliona haya kuviomba. Yeye akaviomba, akapewa. Ndivyo alivyopata uongozi: wenzake walishtukia ndiye mwenye funguo.

Wakajiita Pito Jazi. Kila Jumapili alasiri walipiga dansi kwa Mboje, Msukuma aliyeuza ng'ombe akajenga baa mara biashara binafsi ziliporuhusiwa. Lakini miaka hiyo malori ya Tunduma yalileta mitumba na redio kaseti, na Mboje akaanza kuota disko.

"Dada Redempta," alisema, "disko halili wala halinuni. Jumapili hii ukumbi usipojaa, nafunga spika za disko."

Jumapili yenyewe, mchana, mpiga besi Calvin akahamia bendi ya Mbeya. Hata kuaga alimtuma mtu.

"Jazi bila besi ni ugali bila mboga," alisema Gaudensi, mpiga tumba. "Tuahirishe, bosi."

"Wewe songa ugali. Mboga naifuata."

Akapanda baiskeli hadi Pito kwa mama yake mkubwa, Kalista, bingwa wa nsimba, ngoma ya wanawake wa Kifipa: chungu hufunikwa kinywa chini, kigoda kikasuguliwa juu yake mpaka kiungurume.

"Shikamoo, mama. Beba chungu na kigoda, kuna kazi kwa Mboje."

"Marahaba. Baa? Mimi, mama wa WAWATA wa kanisani?"

"Utawapa walevi mgongo."

"Na soda?"

"Mbili."

"Basi nitawapa mgongo wote."

Chungu kiliwekewa maikrofoni. Kilipounguruma, Gaudensi alicheka mpaka akapoteza mapigo, kisha akafuata ya chungu. Wanawake waliokuwa wakipita njiani, ambao hawakuwahi kuvuka mlango ule, waliingia kuona nani kathubutu. Wakamkuta Mama Kalista, wakabaki. Waume zao wakaja kuwatafuta, nao wakalipa kiingilio. Mboje akatoa meza nje ili watu wapate pa kuchezea, na habari za disko hakuzitaja tena.

Kiangazi Calvin akarudi.

"Dada, nafasi yangu ipo?"

"Muulize mwenyewe."

Mama Kalista alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Kusugua unaweza?"

"Nitajifunza, mama."

"Anza kwa kubeba chungu."

Alikibeba hadi Ilemba na Kasanga, Pito Jazi ilipoanza kualikwa huko. Besi alirudishiwa mwaka uliofuata, kwa kura. Mama Kalista pekee alipinga.