Viatu vya Severin

Asubuhi za Matombo ukungu hushuka hadi uani, na mama yangu, Magreth, akienda kuchuma pilipili manga huoni miguu yake. Unamwona anaelea tu, kitambaa chekundu kichwani, akipanda kilima polepole. Utotoni niliamini kabisa kwamba mama yangu hakanyagi chini. Ukungu ukiondoka, unaona nyayo zake zimepinda kuelekea ndani, anatembelea ubavu wa mguu, na hapo pameota sugu. Alizaliwa hivyo. Bibi alisema ni alama ya ukoo, na mambo ya ukoo hayaguswi.

Mwanangu Severin alipozaliwa na nyayo zile zile, mama alifurahi! "Kanifuata mimi," akasema, akimbusu vidole vya miguu. Mimi nililia, kisha nikambeba mtoto hadi hospitali, Morogoro mjini. Kila wiki daktari alizivuta nyayo taratibu kuelekea nje, akazifunga plasta ngumu, mpaka zikanyooka. Halafu akamvalisha viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma.

"Mchana na usiku, Modesta," aliniambia. "Mkivivua ovyo, miguu inarudi."

Mama hakuvipenda. Mtoto mwenye chuma miguuni habebeki mgongoni, na kwetu milimani bibi asiyembeba mjukuu ni bibi gani? Nikienda sokoni alivivua, akamfunga Severin kwa mbeleko, akapanda naye shambani akimwimbia kwa Kiluguru. Nikirudi, nakuta viatu viko miguuni. Lakini mguu hauna siri. Ule wa kushoto ukaanza kugeuka.

Nilimfokea mama, na sijutii. Tulirudi hospitali pamoja, yeye kampakata mtoto, macho kayatupa dirishani kwenye mawingu ya Uluguru, utadhani hayupo.

"Tutaanza upya," daktari alisema. "Bado mchanga, utanyooka tu."

Mama akageuka. "Daktari, mwanangu, hata hii yangu ingenyooka?"

Daktari akaitazama miguu yake. "Ungeletwa ukiwa mchanga, mama, ndiyo."

Mama aliinama akaziangalia zile sugu muda mrefu, kama anaziona kwa mara ya kwanza. Kisha akamlaza Severin kitandani, akaushika mwenyewe ule mguu wa kushoto.

"Mfunge," alisema. "Akilia, mwacheni alie."

Severin hakulia. Aliyelia ni mama.