Nilivyoacha kufundisha fizikia chuoni nikiwa na miaka 43 nikaenda kufunga antena, Uvira wakati wa vita

Wakuu, salamu kutoka Uvira.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu. Leo naleta ya kwangu, bila chumvi. Wanaojua sehemu hizi watanisahihisha nikiteleza. Kiswahili chetu kina Kifaransa ndani, mtanivumilia.

Ilikuwa wakati wa uasi. Nilikuwa na miaka 43, mwalimu wa fizikia kwenye chuo kimoja hapa mjini. Mtaani kwetu Mulongwe walikuwa wananiita Madame Assistant, yaani mwalimu msaidizi wa chuo, mpaka sokoni, na nisiwadanganye, nilikuwa napenda.

Darasa langu la wanafunzi thelathini lilibaki na wanne. Wengine walivuka Burundi, wengine walipanda milimani.

Kipindi hicho ndipo kampuni ya simu ikafika, ikitafuta mafundi wanaojua umeme na mawimbi.

Wakuu, mawimbi nilikuwa nayafundisha miaka kumi na nne kwa kamba iliyofungwa kwenye kitasa cha mlango. Mashine inayoyatumia nilikuwa sijaigusa hata siku moja. Nikaomba kazi. Wakanichukua kwa majaribio ya miezi mitatu.

Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi kwenye kijiji cha pwani ya ziwa upande wa Fizi, alikuja Uvira kwa lori kunigombeza.

"Minye nimeshika chaki toka mwaka wa uhuru," alisema. "Nimefundisha mu uasi ya kwanza, niko nafundisha mu hii. Weye unaacha juu ya nini? Nilikusomesha ufundishe bantu, si upande vyuma!"

Alirudi kwake bila kula, na miezi miwili hakunitumia hata salamu.

Chef wangu mpya, yaani mkuu wangu wa kazi, aliitwa Bahati, kijana wa miaka ishirini na nane niliyewahi kumfundisha. Siku ya kwanza alisimama kama yuko mbele ya ubao.

"Madame, nikuite namna gani?"

"Niite Furaha. Chef ni weye sasa."

Alishindwa. Aliendelea na Madame.

Kazi ilikuwa ngumu, sitaficha. Suruali ya kazi ilinifanya nisemwe kanisani. Mara ya kwanza kupanda mnara niliishia katikati, nikashuka. Vijana wa timu walicheka, nami nikacheka nao, nikapanda tena kesho yake.

Sasa shida yenyewe.

Mnara wetu ulikuwa kwenye kilima juu ya mji, na mwingine kusini, huko huko pwani kwa baba. Minara hiyo ilikuwa inapelekeana mawimbi kupitia juu ya ziwa. Kila asubuhi rezo, yaani mtandao wa simu, ya kusini ilikuwa inakatika kwa masaa. Mchana inarudi yenyewe.

Na asubuhi ndiyo saa watu walikuwa wanauliza kama barabara iko salama. Mama mwenye samaki wake anataka kujua aondoke au abaki. Usipojibiwa, unabahatisha na maisha yako.

Timu ilibadilisha nyaya, ikabadilisha mashine, ikalaumu jenereta, ikalaumu joto. Makao makuu wakachoka, wakaandika: mwisho wa wiki ijayo vifaa vya kusini ving'olewe.

Mimi nilichukua daftari. Siku tisa mfululizo nilikaa kilimani toka alfajiri, kila nusu saa naandika nguvu ya mawimbi upande mmoja, na upande wa pili naandika hali ya ziwa. Vijana waliona Madame anapoteza muda.

Siku ya tisa nilisoma daftari kutoka juu mpaka chini, nikaliona jibu. Ziwa likilala kama mafuta kwenye sufuria, rezo inakufa. Upepo ukivuruga maji, rezo inapona!

"Chef, mashine ni nzima," nikamwambia Bahati. "Ziwa iko kioo. Mawimbi yanafika kule kwa njia mbili, moja ya moja kwa moja, ingine imeruka juu ya maji. Yakikutana yanauana. Tushushe sahani ya antena mita chache, bega la kilima lizibe ile inayopita majini, mnara wa kule tubaki tunauona."

"Kushusha? Madame, kila mutu anapandisha."

"Ndiyo. Tushushe."

Kama nimekosea, kazi inayopotea ni yake pia. Bahati akavaa mkanda wake wa kupandia.

"Twende."

Tulipanda wawili. Jioni sahani ilikuwa mahali papya.

Asubuhi ziwa lilikuwa kimya kabisa, hakuna hata jani linatikisika. Saa moja, rezo iko. Saa mbili, iko. Saa nne, iko. Vijana walianza kupiga makofi. Mimi nilikaa chini kwenye majani nikalia.

Injinia aliyetumwa kuja kung'oa vifaa aliuliza ni nani aliyegundua. Bahati akanionyesha.

"Huyu. Na aliniangusha mu somo hii hii, session mbili ya mutihani."

Wakuu, nilikuwa nimesahau kabisa!

Kesho yake baba aliazima simu ya jirani, akapiga. Hakusema pole wala hongera. Aliuliza tu kwa nini rezo ilikuwa inakufa asubuhi. Nikamweleza. Nikasikia karatasi zinafunuliwa.

"Rudilia polepole," akasema. "Niko naandika. Kesho nitaielezea darasa la sita."

Nilichojifunza ni kwamba elimu yangu sikuiacha chuoni. Nilipanda nayo mnara, na kule juu ndipo nilipoielewa vizuri kuliko miaka yote ya kamba na kitasa. Kazi nilithibitishwa, na mpaka leo najivuna, mnisamehe.

Kuna aliyebadilisha kazi akiwa na miaka arobaini na kitu? Ulianzia wapi, na nyumbani walikupokeaje? Na wewe unayefundisha darasa la wanafunzi wanne, karibu pia, tuambie kwa nini umebaki.