Alama C Isiyokuwa Yake

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa rejista, karatasi ya alama na kalamu. Ilikuwa ofisi ya mitihani katika tawi la chuo kikuu hapa Tarime mjini, chumba kimoja chenye makabati matatu ya chuma na dirisha linaloangalia barabara ya kwenda Sirari. Mkuu wa Kitengo cha Mitihani, mzee mmoja wa Tanga aliyekuja huku zamani akaoa hukuhuku, aliniambia ninakili alama za darasa zima kutoka kwenye karatasi ya mhadhiri. Nilimaliza saa sita mchana, nikampelekea nikiwa najivuna kidogo. Akapitisha rula mstari kwa mstari.

"Umekosea mmoja," akasema.

"Mmoja tu, mzee?"

"Mmoja. Msome jina."

Nikalisoma.

"Huyo hana karatasi nyingine," akasema. "Kwake yeye umekosea kila kitu. Andika upya yote."

Niliandika upya yote. Nilikuwa binti wa Kemambo mwenye cheti cha ukarani, na nilidhani nimeajiriwa kuandika namba. Ilinichukua muda kuelewa kwamba namba zile ndizo zitakazomfuata mtu kila atakapoomba kazi.

Vijana wengi wanaokuja kunisalimia sasa nimestaafu wako chuoni, na swali lao huwa ni lile lile: nikifeli somo moja, shahada yangu itakuwaje? Kila chuo kina kanuni zake, kwa hiyo naeleza ya kwetu. Mwanafunzi akifeli mtihani wa mwisho wa muhula, anapewa mtihani wa marudio, ambao wao huuita sapu. Akifaulu sapu, anaandikiwa C, hata kama amepata tisini. Akifeli na sapu, analibeba somo hadi mwaka unaofuata, na huko nako hapati zaidi ya C. Akifeli masomo mengi mno, anaondolewa chuo. Wao husema amedisko.

Ile C ndiyo inayouma. Kila alama ina pointi zake: A ina tano, B ya juu nne, B tatu, C mbili. Pointi hizo huzidishwa kwa uzito wa somo, zikajumlishwa kwa miaka yote, ukapatikana wastani. Wastani ndio unaotoa daraja. Kwetu, daraja la pili la juu lilianzia tatu nukta tano, na hatukuwa na desturi ya kumsogeza mtu juu. Mwenye tatu nukta nne tisa aliandikiwa tatu nukta nne, akaingia daraja la pili la chini. Nimewaona watu wazima wakikaa chini kwenye ngazi za ofisi yetu kwa sababu ya nukta hiyo.

Baada ya miaka michache nilipandishwa kuwa Karani Mwandamizi, nikapewa dawati la kupokea malalamiko. Hapo nilikutana na Masanja, kijana kutoka Geita aliyefuata dhahabu Nyamongo, akawa anachimba mwisho wa wiki na kusoma siku za kazi. Mwaka wa kwanza alifeli masomo mawili. Kwenye sapu ya hesabu alipata themanini na moja, akaja na karatasi yake mkononi.

"Shikamoo mama. Naomba kuelezwa. Themanini na moja inakuwaje C?"

"Marahaba. Ni kwa sababu ni sapu. Mwenzako aliyepata themanini Juni hakuwa na miezi mingine miwili ya kusoma."

Akauliza, "Hiyo C inafutika?"

"Haifutiki, mwanangu."

"Basi nionyeshe kinachowezekana."

Tulikaa tukapiga hesabu. Daraja la kwanza lilikuwa limeshamkimbia, lakini la pili la juu lilikuwepo, ilimradi kuanzia hapo asishuke chini ya B ya juu isipokuwa mara chache. Akaondoka na hesabu ile. Aliacha mashimo, akapata kazi ya kufundisha jioni kwenye shule moja ya binafsi, na kila matokeo yalipotoka alikuja tukapiga hesabu upya. Alimaliza na tatu nukta sita. Wakati wote huo hakuniomba hata mara moja nimguse alama. Ninamsema kwa sababu watu hudhani kanuni ni ukatili. Masanja alijua alikokosea, akalipia, akasonga mbele.

Ya Bhoke ni habari nyingine, na kosa lilikuwa langu.

Miaka michache kabla ya kustaafu nilipelekwa Mugumu, wilayani Serengeti, kusimamia kituo chetu kidogo cha mitihani. Bhoke alikuwa mwanafunzi wa ualimu mwaka wa pili, mwenyeji wa Genkuru. Asubuhi ya mtihani wake mmoja alishikwa na uchungu, akapelekwa hospitali, akajifungua mtoto wa kike. Mama yake alikuja ofisini siku ile ile na barua ya kuomba kuahirisha mtihani pamoja na fomu ya daktari. Nilipokea, nikagonga muhuri, nikamwambia, "Mama, nenda ukamwangalie mzazi. Hili niachie mimi."

Anayeahirisha kwa ruhusa hufanya mtihani maalumu, na alama yake huandikwa kama ilivyo, kwa sababu hajafeli. Asiye na ruhusa anahesabiwa amefeli, anapewa sapu. Mitihani hiyo miwili hufanyika chumba kimoja, siku moja, kwa maswali yale yale. Kinachotofautiana ni orodha ambayo jina lako limo, na mwanafunzi haoni orodha hiyo.

Wiki ile ile ilikuja barua ya kunirudisha Tarime kusimamia Kitengo cha Mitihani. Nilifunga mizigo, nikakabidhi funguo, na barua ya Bhoke nikaiacha kwenye jalada la mambo yanayosubiri. Haikufika kwenye Kamati ya Mitihani. Jina lake likaingia orodha ya sapu. Alifanya mtihani, akapata sitini na sita, ambayo ni B ya juu, ikaandikwa C.

Mwaka wa tatu ulipoisha alikuja Tarime na mtoto mgongoni. Wastani wake ulikuwa tatu nukta nne sita. Alikuwa anaomba ufadhili wa kusoma shahada ya umahiri katika hesabu, na hawakupokea chini ya daraja la pili la juu.

"Shikamoo mama. Kuna mwenzangu alikuwa anaumwa, tukafanya mtihani pamoja siku moja. Juzi tu nimejua kwamba yeye ana A. Mimi nilipata sitini na sita, nina C."

Nikampa jibu nililokuwa nimelitoa mara mia. "Sapu ni C, mwanangu. Haijalishi umepata ngapi."

"Lakini mimi sikufeli, mama. Nilikuwa najifungua. Barua ulipokea wewe."

Nilimwangalia, na hapo nikamkumbuka mama yake amesimama mlangoni na viatu vyenye matope.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la Mugumu. Jalada lilikuwepo, na barua ilikuwa ndani yake. Juu ilikuwa na muhuri, tarehe na saini yangu. Rejista ya barua zinazoingia nayo ilionyesha namba yake. Wakati wa kurudi nilishuka Nyamongo, nikachukua bodaboda hadi Genkuru. Bhoke alikuwa anapalilia mihogo na mama yake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana niliona haya kukaa kwenye kiti chao.

Mama yake ndiye aliyejibu kwanza. "Uliniambia nikuachie."

"Ndiyo, mama. Nilisema hivyo."

Jumatatu nilienda kwa Msajili, mwanamama msomi, mpole, asiyependa kelele. Alisoma barua mara mbili.

"Umebakiza mwaka mmoja na nusu ustaafu," akasema. "Unajua hili litaingia kwenye faili lako. Na muda wa rufaa ulishapita. Kanuni ni siku thelathini."

"Siku thelathini ni za rufaa ya mwanafunzi, mheshimiwa. Hii si rufaa. Mwanafunzi alitimiza lake siku ile ile. Ofisi ndiyo haikutimiza, na ofisi ni mimi."

"Seneti watauliza kwa nini wabadilishe matokeo yaliyokwisha kupitishwa."

"Waniite niwajibu."

Waliniita. Nilisafiri hadi makao makuu ya chuo nikiwa na rejista na barua ndani ya bahasha. Mkuu wa Kitivo mmoja aliuliza, "Tukifungua mlango huu, si kila mwenye C atakuja?" Nikamwambia waje tu, kila mmoja na barua yenye muhuri na namba ya rejista, na asiye navyo arudi na C yake. Nikamweleza kwamba nimewakatalia wengi na nitaendelea kuwakatalia mpaka siku ya mwisho, na ndiyo maana siwezi kunyamaza kwa huyu. Wakanitoa nje. Nilikaa kwenye benchi nusu saa.

Waliamua matokeo yasahihishwe. C ikawa B ya juu, wastani ukafika tatu nukta tano mbili, daraja la pili la juu. Mimi nilipewa barua ya onyo na kuvuliwa usimamizi wa kitengo. Niliona ni haki.

Lakini uamuzi ulichelewa. Mahafali yalikuwa yamepita, na jina la Bhoke lilikuwa limesomwa mbele ya ukoo wake katika daraja la pili la chini. Dirisha la ufadhili lilikuwa limefungwa. Mwaka mzima alifundisha kwa kujitolea shule ya kata, akaomba tena, akakubaliwa. Siku aliyokuja kuchukua cheti kipya alikisoma hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, sina kinyongo na wewe. Ila usiwaambie watu ilikuwa bahati mbaya."

"Sitawaambia hivyo."

Sasa nipo Kemambo, nalima, napokea wageni. Vijana wakija nawaambia mambo machache. Ukiumwa, barua itangulie mtihani, au ifike siku ile ile, na ubaki na nakala yenye muhuri. Kabla hujaingia chumba cha mtihani, uliza jina lako lipo orodha ipi, na usikubali kujibiwa "niachie mimi". Ukifeli kweli, usitafute mtu wa kukusaidia kufuta. Kaa chini upige hesabu ya yaliyobaki, maana karibu kila mara kuna kitu kimebaki.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, Afisa Utumishi aliniita kuandaa karatasi za mafao. Alikuwa kijana mwema. Akalitoa lile onyo kwenye faili, akasema muda wake umeisha na kanuni inaruhusu kuliondoa, ili nistaafu faili likiwa safi. Nikamshukuru, nikamwomba alirudishe mahali pake. Atakayekalia kiti kile anapaswa kulisoma kabla hajagusa rejista.