Namba Sita wa Karani Zebedayo

Watu wa Ruanda ya Mbozi walisema Zebedayo Mwashiuya, karani wa mizani katika ghala la kahawa, hawezi kunywa uji kabla ya kujua uzito wake. Walimsingizia kidogo tu. Kufikia mwaka 1953 alikuwa na miaka kumi na minne kazini, na katika miaka hiyo hakuna mkulima aliyeruka foleni mbele yake, hata baba mkwe wake. Alikuwa mfupi. Ili macho yalingane na mshale wa mizani alisimama juu ya kasha, na akiwa juu ya kasha hilo hakuna aliyemcheka.

Nyumbani ndiko walikomcheka. Julai ya mwaka huo, baridi ya Mbozi ikiwa imeshika sawasawa, mbwa wake Subiri alizaa watoto sita jikoni, nyuma ya mafiga. Zebedayo aliwapa namba kwa jinsi walivyotangulia kuzaliwa, akatoa mizani yake ndogo ya sahani mbili na mawe ya wakia, akafungua daftari. Watano wa kwanza walikuwa na wakia tisa, kumi, mmoja kumi na moja. Namba Sita, jike mwenye doa jeupe kidevuni, alikuwa na wakia sita.

Jioni alikuja shemeji yake Sadoki, kaka wa mkewe Tabita. Sadoki aliwinda nguruwe waliokuwa wakila mahindi ya watu, na mbwa wake dume ndiye baba wa wale watoto, hivyo alikuwa na sauti juu yao. Alimwinua Namba Sita kwa vidole viwili, akamrudisha. Alisema huyo hatafika mbali, na desturi ni kumtoa mapema asiwapunguzie wenzake maziwa. Zebedayo aliomba juma moja. Akiongezeka, abaki, asipoongezeka, Sadoki aje amchukue.

"Ampeleke wapi?" Tabita aliuliza.

Wanaume wote wawili walitazama moto.

Kila alfajiri Zebedayo alimfunga Subiri kwenye nguzo ya jiko, akawatia watoto wote kwenye kapu karibu na mlango, penye mwanga. Alimtoa Namba Moja, akangoja atulie, akangoja sahani zitulie, akaandika, akafuta sahani kwa kitambaa, akamrudisha kwa mama yake. Kisha Namba Mbili. Tabita, akikoroga uji, alitaka kujua kama baada ya hapo watapangwa madaraja na kushonewa magunia.

Siku ya nne Namba Moja alikuwa na wakia kumi na tano. Namba Sita alikuwa na tano na nusu. Zebedayo alibadilisha mawe, akampima tena, akapata tano na nusu. Katika sala ya usiku aliwaombea viumbe wote wadogo, na Tabita akafumbua jicho moja kumtazama.

Asubuhi ya siku ya tano Tabita aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Baba Fides, huyu wa mwisho anakaa kapuni hadi lini?"

"Hadi zamu yake."

"Na zamu yake ikifika, wenzake wanakuwa wapi?"

Zebedayo aligeuka. Watano walikuwa wamejipanga tumboni kwa Subiri, wanene wakiwa wameshika chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi. Kapuni, penye upepo wa mlangoni, Namba Sita alikuwa akitetemeka.

"Kila siku unamweka kwenye baridi mpaka wenzake washibe," Tabita alisema, "halafu unaandika kwamba hakui."

"Sita hawezi kupimwa kabla ya moja," alijibu karani, lakini kwa sauti ya chini.

"Subiri hajui kuhesabu."

 Zebedayo alisogeza kapu karibu na moto, akampima Namba Sita kwanza, akambandika kwenye chuchu ya nyuma kabisa na kumshikilia kwa kidole mpaka aliponyonya akashiba. Ndipo akamtoa Namba Tano. Ukurasa ule uliandikwa kutoka chini kwenda juu, na Tabita anasema mkono wa mumewe ulikuwa mzito kama wa mtu anayesaini kukiri kosa.

Jumamosi Sadoki alifika na gunia. Alitaka mtoto apimwe mbele ya macho yake.

"Wakia nane," Zebedayo alisema.

Sadoki aliliokota jiwe, akalipima kiganjani. "Shemeji, jiwe hili ni zima?"

"Panda na wewe, kaka," Tabita alimwambia, "tuone kama utabaki."

Sadoki alilikunja gunia, akaomba uji.

Jumatatu ghalani karani alishuka kwenye kasha, akaenda hadi mkia wa foleni, akamwita mama mmoja aliyetoka Nanyala kwa miguu aje apimiwe kwanza. Wa mbele walilalamika mno kiasi kwamba Jumanne alirudia utaratibu wake wa zamani. Jikoni hakuurudia. Pale kila siku walianza na Namba Sita, ambaye alifumbua macho siku ya kumi na tatu, nyuma ya wenzake wote. Zebedayo aliandika tarehe na saa.